Usimnyamazishe Anayekuaga



Leo neno langu ni refu kidogo. Kama uko kazini, liweke, ulisome jioni ukiwa umetulia. Lakini naomba ulisome mpaka mwisho.

Jumamosi iliyopita tulimzika mzee wetu wa kanisa. Wengi wenu mlikuwa pale. Mliona jinsi familia ilivyolia, na mliona pia jinsi ilivyotulia. Tangu siku hiyo nimepokea jumbe nyingi za pole, na nawashukuru. Lakini kuna jumbe tatu ambazo zimenikosesha usingizi. Mmoja wenu ameniuliza waziwazi: "Pasta, ulimruhusuje mzee kupanga mazishi yake akiwa bado hai? Huko si kukubali kifo? Si wewe ndiwe ulipaswa kusimama naye kwa imani?"

Sijakasirika. Hilo ni swali la mtu anayempenda Mungu, na ni swali ambalo mimi mwenyewe ningeliuliza miaka kumi na mitano iliyopita. Nalijibu hapa mbele ya wote kwa sababu najua kuna nyumba, hata leo usiku, zenye mgonjwa ambaye daktari amesema hakuna tiba iliyobaki. Na ndani ya nyumba hizo kuna mtu anayetaka kusema neno, na kuna watu wa Mungu, waliojaa imani, wanaomziba mdomo.

Wacha nianze na kosa langu.

Mwaka wa 2012 mama yangu mzazi alianza kusema ugali unamkwama kooni. Tukadhani ni vidonda vya tumbo. Baada ya muda uji pia ukaanza kukwama, halafu hata chai. Tulipofika hospitali kubwa tukaambiwa ni saratani ya koo, na imeshasambaa. Ninyi mliotoka upande wetu wa magharibi mnaujua ugonjwa huo. Umepita katika boma nyingi.

Mimi wakati huo nilikuwa mchungaji kijana, nimetoka chuo cha Biblia si muda mrefu, moto umewaka. Kila Jumatatu nilipanda matatu kutoka Nakuru hadi nyumbani Vihiga. Nilikuwa nikifika nakunja mikono ya shati na kukemea. Nilikuwa nimewaagiza ndugu zangu wote kwamba hakuna mtu kutaja neno kifo katika boma lile, na wageni wenye nyuso za huzuni wasiingie chumbani.

Jumatatu moja nilimkuta Mama ameketi juu ya mkeka chini ya mparachichi. Alikuwa amebaki mifupa. Mimi nimepewa jina la babake, kwa hivyo tangu nikiwa mtoto aliniita Baba. Akaniambia, "Baba, keti hapa karibu. Kuna jambo nataka nikuambie kabla sijaenda."

Nikainua mkono. "Mama, hauendi popote. Usikiri hivyo. Lirudishe hilo neno." Kisha nikaanza kuomba. Niliomba kama nusu saa, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Nilipofungua macho Mama alikuwa ananiangalia. Akasema, "Amina, Baba. Haya, nenda ndani ukapate chai."

Jumatano ya wiki iliyofuata simu ililia saa kumi alfajiri.

Mpaka leo sijui Mama alitaka kuniambia nini. Labda lilikuwa jambo dogo, kama deni la kikundi cha akina mama. Labda kuna mtu alitaka nimwombee msamaha. Labda alitaka tu kunibariki. Sitajua mpaka tutakapoonana kule. Miezi kadhaa baada ya mazishi, dada yangu alinisimulia kitu ambacho Mama alimwambia jioni ile nilipoondoka. Alisema: "Nilimwita mtoto wangu, akaja mchungaji."

Wapendwa, nimehubiri mahubiri mengi, lakini mahubiri ya mama yangu yalikuwa ni hayo maneno manne au matano, na yamenibadilisha kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni.

Sasa tuingie katika Neno.

Sisi Wapentekoste tunaupenda mstari wa Mithali 18:21, kwamba ulimi una uwezo wa uzima na wa mauti. Ni Neno la Mungu, nami nalihubiri. Lakini tumeligeuza kuwa plasta ya kufungia midomo ya wagonjwa. Mgonjwa akisema "nimechoka," tunamwambia amefungua mlango kwa shetani. Akisema "mkinizika, mnizike kando ya mama," tunaruka kama tumeona nyoka. Basi mgonjwa anajifunza kunyamaza. Anabaki peke yake na habari ambayo mwili wake unampa kila siku. Anajua. Mgonjwa huwa anajua. Sisi tunazunguka kitanda tukitabasamu na kusema wiki ijayo utakuwa shambani, naye anatabasamu ili asituvunje moyo. Yeye anatulinda sisi, na sisi tunafikiri tunamlinda yeye. Mwisho wake anakufa akiwa amezungukwa na watu ishirini, na hakuna hata mmoja aliyezungumza naye.

Hiyo si imani. Hiyo ni hofu ambayo imevaa suti ya imani.

Nataka uwaangalie watu wanne katika Biblia.

Wa kwanza ni Hezekia, 2 Wafalme 20. Mfalme anaugua, karibu kufa. Isaya anakuja na ujumbe: tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa. Angalia ujumbe huo unatoka kwa nani. Si kwa shetani, wala si kwa daktari asiyeamini. Unatoka kwa Bwana. Hezekia anageukia ukuta, anaomba, analia sana. Na kabla Isaya hajavuka ua wa katikati, Mungu anamrudisha na jibu lingine: mfalme ataongezewa miaka 15. Je, yale maneno ya "tengeneza nyumba yako" yalizuia uponyaji? Hayakuzuia hata kidogo. Na hata baada ya ahadi hiyo, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Katika chumba kimoja kulikuwa na ukweli, machozi, maombi na dawa, na Mungu hakukasirika.

Kwa hivyo anayekuambia kwamba kuandika wosia kutamzuia Mungu kukuponya, mwambie asome habari za Hezekia tena.

Wa pili ni Elisha. Huyu alipokea sehemu maradufu ya roho ya Eliya. Alimfufua mtoto wa yule mwanamke Mshunami. Hata mifupa yake, baada ya kuzikwa, ilimgusa maiti naye akafufuka. Lakini 2 Wafalme 13:14 inasema wazi kwamba Elisha aliugua ugonjwa ambao ulimuua. Nani atasema Elisha alikosa imani? Na tazama alichofanya akiwa katika ugonjwa huo. Mfalme alikuja akamlilia, na mzee kwa nguvu zake za mwisho akaweka mikono yake juu ya mikono ya mfalme na kumpa neno la ushindi. Kitanda chake cha ugonjwa kilikuwa bado ni madhabahu.

Wa tatu ni Yakobo. Akiwa na miaka 147, baada ya kukaa Misri miaka 17, alijua siku zimefika. Soma Mwanzo kuanzia mwisho wa sura ya 47 hadi sura ya 50. Anamwita Yusufu, anamwapisha asimzike Misri. Yusufu anapoambiwa babake ni mgonjwa, anawachukua wanawe wawili na kwenda nao. Hakuwaacha nyumbani eti ni watoto wataogopa. Mzee anajikaza, anaketi kitandani, anawakumbatia wajukuu. Anamwambia Yusufu waziwazi kwamba anakufa, lakini Mungu atakuwa pamoja nao. Kisha anawaita wana wote kumi na wawili, na kila mmoja anapata neno lake. Si maneno yote yalikuwa matamu. Reubeni alisikia ukweli ulioumiza. Halafu anatoa maagizo ya kaburi, anakunja miguu yake kitandani, anakata roho. Na Yusufu, waziri mkuu wa Misri, anamwangukia babake usoni, analia, anambusu.

Sasa shika hili, maana ndilo lililonivunja. Ukifika Waebrania 11, ile orodha ya mashujaa wa imani, mwandishi ana maisha yote ya Yakobo ya kuchagua. Angeweza kuchukua ngazi ya Betheli. Angeweza kuchukua usiku wa Penieli aliposhindana mpaka alfajiri. Lakini katika mstari wa 21 anachagua jambo moja tu: kwamba kwa imani, Yakobo alipokuwa akifa, aliwabariki wana wa Yusufu. Na mstari wa 22 unasema Yusufu naye, mwisho wake ulipokaribia, kwa imani alitoa maagizo juu ya mifupa yake.

Umeona? Roho Mtakatifu ameandika kuaga katika orodha ya matendo ya imani. Sisi tunasema ukiaga umepoteza imani. Biblia inasema Yakobo aliaga kwa imani.

Wa nne ni Bwana wetu mwenyewe. Yohana 19, mstari wa 26 na 27. Akiwa msalabani, kila pumzi ikimgharimu, alimtazama mamake, akamtazama mwanafunzi aliyempenda, akawakabidhi mmoja kwa mwingine. Yule anayejua atafufuka siku ya tatu bado alipanga mama yake atakaa wapi. Kama Yesu alipanga mambo ya nyumbani akiwa anakufa, wewe ni nani kumwambia baba yako asipange?

Kwa hivyo mzee wetu aliponijia baada ya majibu ya hospitali, sikurudia kosa la mparachichi. Familia imenikubalia nisimulie haya, na nitayasimulia bila kutaja majina.

Ilikuwa saratani ya tezi dume, na ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Alikuja ofisini akiwa na bakora, akaketi, akasema, "Pasta, tuombe. Lakini tukimaliza kuomba, unisaidie kupanga." Tulifanya yote mawili. Tulimpaka mafuta kama Yakobo 5:14 inavyoagiza. Wazee walifunga siku tatu. Na nataka kila mtu anielewe: nilimwombea uponyaji mpaka siku ya mwisho, na nilimaanisha. Nimewaona watu Mungu amewainua kutoka wodini, wako kanisani kwetu na mnawajua. Sijaacha kuamini. Nimeacha tu kumwamuru Mungu na kumnyamazisha mgonjwa.

Mambo aliyopanga yalikuwa machache.

Kulikuwa na kijana wake wa kwanza, yuko Mombasa, ambaye hawakuwa wamesemezana kwa miaka. Alimwita. Kijana alikuja usiku kwa basi. Mzee akamwambia mbele ya mamake na mbele yangu, "Ile shamba ya chini niliiuza bila kukuuliza, na nilijua ulikuwa umeanza kuipanda. Nilikukosea." Kijana hakujibu kwa muda mrefu. Halafu akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye magoti ya babake, wakalia wote wawili. Mzee akasema, "Sasa nipe maji ninywe." Ilikuwa ni hivyo tu. Huyo kijana ndiye mliyemwona Jumamosi akishika koleo mpaka udongo wa mwisho.

Kulikuwa na binti ambaye anafanya kazi ya nyumba Saudi Arabia. Alitaka kukopa nauli ya ndege aje kwa mazishi. Mzee alimkataza akiwa bado anaongea vizuri: "Usikope pesa uje uangalie jeneza. Niangalie sasa." Kila Ijumaa walikuwa wanapigiana simu ya video, wakati mwingine bila kusema lolote, binti akipika kule na mzee akimwangalia. Siku ya mazishi hakuwa kaburini, lakini aliniambia kwa simu, "Pasta, mimi sina deni na Baba."

Wajukuu waliruhusiwa chumbani. Mmoja wa miaka tisa alimuuliza babu kama kufa kunauma. Watu wazima walishtuka. Mzee akamjibu, "Ugonjwa unauma. Kufa sijui, lakini Yesu alishapita huko, kwa hivyo sitakuwa wa kwanza." Mtoto akaridhika, akaenda kucheza.

Na mama, mke wake wa miaka arobaini na mitatu, ndiye alikuwa mgumu kuliko wote. Wiki mbili za kwanza alikuwa anatoka chumbani kila mzee akianza. Sikumlazimisha. Siku moja mzee akamwambia, "Nikienda bila kukuaga, utaniuliza kila usiku." Akakaa. Walichosema hakuna anayekijua, na si lazima tukijue.

Kuna jambo lingine lililomwezesha mzee kusema yote hayo, nalo ni dawa ya maumivu. Wapendwa wengi mnaogopa mofini. Mnafikiri ni dawa ya kumuua mtu haraka, au kwamba muumini anayeinywa ameshindwa kumtegemea Mungu. Mzee kabla ya kuipata alikuwa hawezi kusali hata sentensi mbili kwa sababu ya maumivu ya mifupa. Muuguzi alipoanza kumjia nyumbani na kumpimia kipimo sahihi, alirudi kuwa mtu. Alisali, aliimba, alicheka na wajukuu. Mama mmoja Mwingereza aitwaye Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kisha daktari, na mwamini wa Kristo, ndiye alifungua nyumba ya wagonjwa wa aina hii kule London mwaka wa 1967, na kutoka hapo huduma hiyo ikaenea duniani. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza mwaka wa 1990, na leo hospitali nyingi za kaunti zina kitengo cha kuwatuliza wagonjwa ambao hawatapona. Uliza hospitalini kwako. Usimwache baba yako alie usiku kucha ukidhani unalinda imani yake. Msamaria mwema alimwaga mafuta na divai kwenye vidonda. Hakusimama mbali akikemea.

Mzee alilala Jumanne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mke wake. Kamati ya mazishi ilikaa mara mbili tu. Hakukuwa na ugomvi wa mahali pa kuzika, maana alishaonyesha. Hakukuwa na vita vya jeneza la bei, maana alishasema pesa hiyo ilipe karo. Wakati wa kusoma wasifu wake, hakuna mtu aliyeanguka akipiga kelele "ungeniambia!" Walilia, naam. Yesu alilia pale kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua anakwenda kumfufua. Lakini walilia machozi ya watu walioagana.

Linganisha na matanga mengine tunayoyajua. Tunachanga pesa nyingi. Tunakodisha hema, viti, spika na mtu wa kamera. Tunachapisha programu ya rangi yenye picha tangu utotoni. Tunapanga foleni kwa maikrofoni kumwambia marehemu jinsi alivyokuwa baba mwema, jinsi alivyotulipia karo akiwa hana viatu, jinsi tunavyompenda. Maneno mazuri sana. Lakini jeneza halisikii, ndugu yangu. Yale maneno alihitaji kuyasikia wiki tatu kabla, akiwa kitandani, akijiuliza kama maisha yake yalikuwa na maana. Chukua huo wasifu unaoutunga kichwani mwako, uende umsomee leo.

Sasa, kwa wewe ambaye una mgonjwa nyumbani, nakupa ushauri wa mchungaji wako.

Usimfiche ukweli. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Usimwombe daktari aongee nawe kando kwenye korido na kumwacha mwenye mwili gizani. Muulize mgonjwa mwenyewe: "Ungependa kujua kiasi gani?" Akisema hataki kujua, heshimu. Akiuliza, jibu. Na akinyamaza, nyamaza naye, lakini usiondoke.

Akianza kusema "nikienda," usimkatize. Vuta kiti. Sema, "Nakusikiliza." Baada ya hapo ndipo uombe, tena kwa sauti ya chini.

Kama kuna kosa kati yenu, lisemeni likiwa wazi na fupi. Usingoje hotuba nzuri. "Nilikukosea, nisamehe" inatosha. Kama yeye ndiye alikukosea na hana nguvu ya kuomba msamaha, mwachilie hata hivyo, asiondoke na mzigo huo.

Saidia mambo ya mali yawe wazi. Sheria yetu ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, inakubali hata wosia wa mdomo, mradi usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeusema awe amefariki ndani ya miezi mitatu. Lakini ulioandikwa ni bora, ukiwa na sahihi yake na mashahidi wawili, na afadhali mashahidi hao wasiwe warithi. Mwone wakili mapema, mgonjwa akiwa na akili timamu na kalamu inashikika. Mjane ambaye hajui hati ya shamba iko wapi, au marehemu alikuwa mwanachama wa chama gani cha akiba, anazikwa mara ya pili na wakwe zake. Tumeliona hilo katika kanisa letu.

Waruhusu watoto waingie. Walio mbali, wapigie simu sasa, wakiwa bado wanaweza kusikia sauti yake.

Na kwa watumishi wenzangu, kwa heshima na upendo: tuwe waangalifu na unabii wa kitandani. Ukisema "Bwana ameniambia huyu hatakufa," na Bwana hakukuambia, umewanyang'anya watu wiki ambazo haziwezi kurudishwa. Wewe utapanda gari uende mkutano mwingine. Wao watabaki na kaburi, na swali kama imani yao ilikuwa ndogo. Tuombe kwa nguvu zote, tupake mafuta, tufunge, kisha tumwachie Bwana uamuzi, kama Yesu mwenyewe alivyouacha kwa Baba pale Gethsemane.

Mwisho, neno kwa wewe ambaye hukuaga. Labda ajali ilimchukua. Labda ulikuwa Qatar na simu ikachelewa. Labda, kama mimi, ulikuwepo, ukamfunga mdomo kwa maombi. Najua unavyoamka usiku. Nimebeba hilo kwa miaka mingi. Siwezi kukuambia kwamba halijalishi, kwa sababu linajalisha. Lakini naweza kukuambia nilichojifunza: damu ya Yesu inafunika pia makosa tuliyoyafanya tukiwa tunajaribu kuwa waaminifu. Nilitubu kwa ajili ya Jumatatu ile. Kisha nilienda kwa dada yangu, nikamwomba msamaha, maana naye nilikuwa nimemfunga mdomo. Na Mama, nikimjua, alikuwa ameshanisamehe kabla chai haijapoa. Paulo anatuambia katika 1 Wathesalonike 4 tusihuzunike kama watu wasio na tumaini. Hakusema tusihuzunike. Huzunika, lakini ukiwa na tumaini, maana wale waliolala katika Yesu, Mungu atawaleta pamoja naye. Kuaga kwetu ni kwa muda.

Kwa hivyo, mpendwa uliyeniuliza swali, hili ndilo jibu langu. Sikumruhusu mzee akubali kushindwa. Nilimruhusu afanye kile Yakobo alifanya, ambacho Mungu amekiita imani. Na siku yangu ikifika, nikiwa na nguvu ya kuketi kitandani, naomba mnifanyie hivyohivyo. Niombeeni nipone. Halafu vuteni kiti, mniache niseme.

Tuombe.

Baba yetu wa mbinguni, wewe ndiwe mwenye pumzi zetu. Tunakuletea kila nyumba yenye mgonjwa usiku huu. Ponya, Bwana, kwa maana unaweza. Na pale ambapo umepanga kumwita mtoto wako nyumbani, tupe ujasiri wa kuketi karibu, kusikiliza, kusamehe na kubariki. Wafariji walioachwa bila neno la mwisho. Utufundishe kuzihesabu siku zetu, tusiahirishe upendo. Katika jina la Yesu Kristo aliye Bwana wa walio hai na wafu. Amina.

Kama kuna mtu wa kumpigia simu au kumtembelea leo, usingoje Jumapili. Na kama una mgonjwa nyumbani na hujui pa kuanzia, nitafute, au mwambie kiongozi wa ushirika wenu wa nyumbani. Tutakuja. Tutaleta mafuta ya kupaka, na tutaketi tusikilize.

Mbarikiwe sana.

Mchungaji wenu